Programu Nzuri, Programu Mbovu: Mambo ya Kuangalia Kabla Hujamwekea Mama Kwenye Simu

Ukikaa Bertrams na watu wakajua kuwa wewe ni nesi, hawatakuletea presha na sukari peke yake. Watakuletea na simu zao. Mtaa wetu uko mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg, hatua chache kutoka uwanja wa Ellis Park, na katika jengo letu Kiswahili kinasikika kutoka ghorofa ya chini mpaka ya juu: cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Mombasa na hiki changu cha Tanzania bara. Jioni nikirudi kutoka zamu namkuta mtu ameketi ngazini ananisubiri. "Dada nesi, hii simu inasema nimekosea, na mimi sijui nimekosea nini."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Anayeisema huwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu. Lakini ukimtazama vizuri, huyu ni mama aliyevuka mipaka na watoto wanne, akafika hapa bila kujua mtu, akajifunza Kizulu cha sokoni na leo ana meza yake ya kuuzia. Mtu wa namna hiyo anashindwaje na kitufe? Nilipoanza kukaa naye na kuitazama skrini pamoja naye, niliona kwamba mara nyingi tatizo liko upande wa pili wa kioo, kwa waliotengeneza programu bila kumfikiria mtu kama yeye.

Makala hii ni kwa ajili ya familia zetu zilizo mbali na nyumbani, na kwa wanafunzi ambao kila wiki wanapigiwa simu na wazazi: "Mwanangu, nibonyeze wapi?" Tutazame kwa pamoja kinachoifanya programu, tiketi au safari iwe rahisi, kinachoifanya iwe mateso, na namna ya kuwasaidia wazee wetu bila kuwavunjia heshima.

Mlango usiohitaji maelezo

Taaluma ya kutengeneza vitu ili vieleweke kwa anayevitumia ni pana na ina walimu wake. Mmoja wao ni Donald Norman, msomi wa saikolojia wa Marekani. Mwaka 1988 alitoa kitabu kuhusu vitu vya kila siku: milango, majiko, swichi za taa, simu za ofisini. Hoja yake kubwa ilikuwa rahisi. Ukiuvuta mlango unaotakiwa kusukumwa, usijilaumu. Lawama ni ya aliyeutengeneza. Mlango mzuri una bamba bapa upande wa kusukuma na mkono upande wa kuvuta, na mkono wako unajua la kufanya kabla kichwa hakijafikiri. Ukiona mlango umebandikwa karatasi ya maelezo, jua una kasoro. Mwaka 1993 Norman aliingia kampuni ya Apple, na huko ndiko lilikoenea jina ambalo sasa linatumika duniani kote, yaani uzoefu wa mtumiaji.

Sisi wauguzi somo hilo tunalijua kwa njia nyingine. Ukutani mwa wodi, tundu la oksijeni limetengenezwa kwa umbo lake peke yake, na kiunganishi cha gesi nyingine hakiingii hapo. Hata nesi akiwa amechoka, saa kumi alfajiri, kengele zinalia vitanda vitatu kwa mpigo, ukuta wenyewe unamkatalia. Hakuna aliyemwambia nesi "kuwa makini zaidi" akaishia hapo. Waliotengeneza walikubali kwamba binadamu huchoka na hukosea, kisha wakakitengeneza kifaa kimlinde mgonjwa.

Basi kipimo changu nimekitoa wodini. Nikipewa programu yoyote najiuliza mambo mawili. Je, inanizuia nisiumie nikikosea? Na nikishakosea, inanionyesha njia ya kurudi?

Kidole kimoja juu

Mgeni akifika Johannesburg anafikiri usafiri wa teksi hauna utaratibu. Teksi za hapa ni zile basi ndogo, ndugu wa daladala na matatu, ila hazina konda wala kibao cha njia. Abiria anasimama kando ya barabara na kuonyesha mkono. Kidole cha shahada kikielekea juu maana yake ni mjini kati. Kikielekea chini ni safari fupi ya papo hapo. Anayekwenda Orange Farm hukunja kiganja kama aliyeshika chungwa. Dereva akiwa na njia hiyo anasimama, asipokuwa nayo anapita. Ndani, nauli inapitishwa mbele kutoka safu hadi safu, na abiria wa kiti cha mbele ndiye mhasibu: anahesabu, anagawa chenji, na dereva anaendelea kuendesha.

Kwa aliyezoea, huu ni utaratibu mzuri ajabu. Hauhitaji chaji wala bando, na unasomeka kwa mbali. Kwa mgeni ni ukuta mtupu, kwa sababu haujaandikwa popote. Nawajua watu waliotembea kwa miguu wiki nzima kwa kuogopa kunyoosha mkono vibaya. Na asiyeona kabisa afanyeje? Msanii Susan Woolf wa hapa Johannesburg alijiuliza swali hilo. Alizikusanya ishara hizi kwa miaka mingi, kisha akabuni alama za kugusa kwa vidole ili wasioona nao wazijue. Mwaka 2010 Posta ya Afrika Kusini ilizitoa ishara hizo kwenye stempu, na ujuzi wa barabarani ukapata heshima ya kuandikwa.

Nairobi nako walifanya kazi inayofanana na hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia za Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130 kwa rangi, kama zile za treni za chini ya ardhi za Ulaya. Mwaka 2015 taarifa hizo ziliingia kwenye Google Maps. Matatu zilikuwa zilezile na njia zilezile, lakini mgeni sasa alikuwa na pa kuanzia.

Dar es Salaam, kabla ya ramani yoyote ya simu, daladala zilikuwa na mstari wa rangi ubavuni na jina la mwanzo na mwisho wa safari mbele. Mzee asiyesoma vizuri aliijua ya kwake kwa rangi. Na mabasi ya mwendo kasi, Rea Vaya hapa Johannesburg tangu Agosti 2009 na yale ya Dar es Salaam tangu Mei 2016, yana jambo moja ambalo nesi hawezi kuacha kulisifu: sakafu ya basi inalingana na jukwaa la kituo. Aliye kwenye kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, bibi mwenye magoti mabovu, wote wanaingia bila kupanda ngazi. Kituo cha Rea Vaya kipo karibu na kwetu, na naona wanaokipenda zaidi ni wazee.

Kwa nini M-Pesa ilifaulu Kenya ikakwama hapa

Hakuna familia ya Kiswahili ughaibuni isiyoijua M-Pesa. Safaricom iliizindua Kenya Machi 2007. Awali, katika majaribio yaliyoanza mwaka 2005, wazo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wadogo warejeshe mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiitengeneza waliona hilo, wakaacha mengi waliyoyapanga, wakabaki na ahadi moja: tuma pesa nyumbani. Ilifanya kazi kwenye simu ndogo ya vitufe, bila intaneti, na wakala alikuwa duka la jirani ambalo mama alikuwa akilijua tangu zamani. Tanzania ikafuata mwaka 2008 kupitia Vodacom.

Kosa lililowaumiza wengi lilikuwa tarakimu moja tu. Ukikosea namba, pesa ya ada inamwendea mtu usiyemjua. Safaricom wakaleta huduma waliyoiita Hakikisha: kabla pesa haijaondoka unaonyeshwa jina la mpokeaji, na unapewa muda mfupi wa kusitisha. Ni kama lile tundu la oksijeni. Hawakumwambia mtumaji awe makini. Walimwonyesha jina, kwa sababu jicho la binadamu hulitambua jina la dada yake haraka kuliko tarakimu kumi.

Sasa tazama upande wa huku. Vodacom waliileta M-Pesa Afrika Kusini mwaka 2010 wakishirikiana na benki ya Nedbank, wakitarajia wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Haikufika hata karibu. Mwaka 2014 waliizindua upya, na tarehe 30 Juni 2016 wakaifunga. Huduma yenye jina lilelile, kutoka familia moja ya kampuni, ilishindwa. Watu wengi wa hapa tayari walikuwa na akaunti za benki, na wangeweza kutuma pesa hata kupitia kaunta za maduka makubwa ya vyakula. Sheria za benki nazo zilikuwa ngumu zaidi, na wakala wa jirani, aliyekuwa moyo wa M-Pesa kule kwetu, hapa hakuenea.

Nawasimulia hili hasa wanafunzi wetu wanaosoma kompyuta. Skrini nzuri haitoshi. Chombo kinachofaa Kariakoo kinaweza kukosa maana Johannesburg, na kinachong'aa Johannesburg kinaweza kumshinda bibi wa Kigoma, kama hakuna aliyeuliza kwanza watu wa mahali hapo wanaishi vipi.

Saa mbili ipi?

Hapa ndipo nesi ndani yangu hukosa usingizi. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni 7:00, saa mbili usiku ni 20:00. Waethiopia nao huhesabu hivyo. Programu nyingi za simu zimetafsiriwa kwa Kiswahili na watu, au siku hizi na mashine, wanaogeuza maneno na kuiacha tarakimu ilivyo. Kwa Kiingereza wameandika saa nane za usiku wakimaanisha 20:00. Kwa Kiswahili inatokea "saa 8 usiku". Na wewe msomaji unajua saa nane usiku ni saa ngapi: ni 2:00, usiku wa manane, watu wamelala.

Weka dawa hapo. Dawa ya kumezwa kila baada ya saa 12 imeandikwa saa 8 asubuhi na saa 8 usiku. Mzee anayefuata maelezo kwa utii ataamka usiku wa manane kuimeza, au atakaa akijiuliza saa nane ya asubuhi ni ipi, kwa sababu kwetu haipo. Mwingine ataimeza saa nane mchana na saa nane usiku, na kwa bahati vipindi vitakuwa sawa. Wa tatu atachanganya, atameza mbili zikiwa karibu karibu, kisha atakaa muda mrefu bila dawa. Kwa dawa ya kikohozi huenda isiwe balaa. Kwa dawa ya sukari, ya kifafa au ya kuzuia damu kuganda, ni jambo la hatari. Na aliyeumia ataambiwa hakufuata maelezo, wakati yeye aliyafuata neno kwa neno.

Kwa wagonjwa wangu wanaozungumza Kiswahili, nikiandika saa, naandika mara mbili: "20:00, yaani saa mbili usiku, baada ya taarifa ya habari." Kisha namwomba mgonjwa anirudishie kwa maneno yake. Simwambii "umeelewa?", maana kwa adabu yetu kila mtu hujibu ndiyo. Namwuliza, "Mama, ukifika nyumbani utamwambiaje binti yako kuhusu dawa hii?" Jibu lake ndilo linaloniambia kama maelezo yangu yalikuwa mazuri.

Safarini hali ni ileile. Basi la mkoani linaondoka saa 12 asubuhi, yaani 6:00, lakini tiketi ya mtandaoni inaweza kuandika kwa mtindo wowote kati ya miwili. Ndege ya 00:30 siku ya Jumamosi ni usiku ambao sisi tunauita Ijumaa usiku, na watu wamefika uwanjani siku nzima baada ya ndege kuondoka. Ongeza tofauti ya saa moja kati ya Johannesburg na Dar es Salaam au Nairobi, ambako saa iko mbele, na utaona kwa nini simu za kupokeana uwanjani hugeuka ugomvi. Kazi ya kuliondoa tatizo hili si kubwa kwa mtengenezaji. Angeandika "usiku wa kuamkia Jumamosi" chini ya tarakimu, nusu ya mkanganyiko ingekwisha.

Fomu isiyokutambua

Kitambulisho cha Afrika Kusini kina tarakimu 13. Mgeni mwenye pasipoti au karatasi ya ukimbizi hanazo. Hata hivyo utakuta fomu ya mtandaoni, ya huduma ambayo kisheria unaruhusiwa kuipata, ina kisanduku kimoja tu kinachodai tarakimu 13, na kitufe cha kuendelea hakifunguki. Hakuna aliyekukatalia. Hakuna hata wa kumlalamikia. Jirani yangu mmoja alikaa siku tatu na fomu ya namna hiyo, ya kumwandikisha mtoto kwenye mafunzo fulani, akaamini kwamba ameonyeshwa mlango wa kutokea. Siku ya nne alipokwenda ofisini kwa miguu, karani alimwandikisha kwa dakika kumi kwa kutumia pasipoti. Sera iliruhusu, ila aliyetengeneza fomu alimsahau mgeni.

Majina nayo ni kazi. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na hakuna la ukoo. Fomu inataka jina la kwanza na la ukoo, basi leo unaandika la babu, kesho la baba, na keshokutwa tiketi ya ndege hailingani na pasipoti. Ushauri wangu ni mmoja: kwenye tiketi na viza fuata mpangilio wa mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, ile yenye alama nyingi kama mishale. Hiyo ndiyo inayosomwa na mashine uwanjani. Ukiifuata kila mara, hutapata taabu.

Tatizo la tatu linawahusu hasa walio mbali. Benki ya nyumbani inatuma namba ya siri ya kuthibitisha kwenye laini ya nyumbani, na laini hiyo iko kwenye droo au imefungwa. Tanzania ilipoanza kusajili laini kwa alama za vidole Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa baada ya 20 Januari 2020, aliyekuwa nje ya nchi bila namba ya kitambulisho cha taifa aliona mlango wa akaunti yake ukijifunga kwa mbali. Kabla hujasafiri, uliza benki yako: nikiwa nje, nitathibitishaje? Uliza mapema, ukiwa bado unaweza kusimama mbele ya kaunta.

Ubaya wa makusudi

Hadi hapa nimezungumzia usahaulifu. Upo pia ujanja. Unanunua tiketi mtandaoni, bei ni nafuu, ukifika mwisho imeongezeka. Ukirudi nyuma unaona bima imekwishawekwa alama ya ndiyo bila wewe kuigusa. Pembeni saa inahesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika tano, viti viwili tu! Kitufe cha kukubali ni kikubwa na cha rangi, cha kukataa kimeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu. Kujiunga ni hatua moja, kujitoa ni barua pepe nne. Mwingereza Harry Brignull, mtaalamu wa fani hii, alizipa hila hizi jina mwaka 2010 na kuanza kuzikusanya hadharani, na tangu hapo nchi kadhaa zimetunga sheria za kuzibana.

Waathirika wakubwa ni watu wenye haraka na watu wenye hofu. Sisi tunaonunua tiketi ya msiba usiku tuna vyote viwili. Kwa hiyo uwe na desturi: kabla ya kulipa, mpe simu mtu mwingine wa nyumbani asome kwa sauti kila mstari wenye bei. Haraka ya saa ile ya kwenye skrini mara nyingi ni ya kutengenezwa.

Neno moja, bila malipo

Nisije nikaonekana mlalamishi, nitaje na mazuri. Novemba 2012 Tanzania ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito alituma neno moja, "mtoto", kwenda 15001, bila malipo, kisha akawa anapokea ujumbe wa Kiswahili unaoendana na umri wa mimba yake: lini aende kliniki, dalili zipi ni za hatari, aandae nini. Neno moja tu, ambalo kila mama analijua kuliandika. Hakukuwa na akaunti wala nenosiri. Afrika Kusini nayo Agosti 2014 ilianzisha MomConnect, unapiga *134*550# kwenye simu yoyote, na ujumbe ulipatikana kwa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati huo. Waliotengeneza huduma hizi mbili walianza na mama aliyesimama kwenye foleni ya kliniki na simu ndogo mkononi, wakarudi nyuma kutoka hapo.

Na aliyeishi Johannesburg miaka ya mgao wa umeme ataikumbuka programu ya EskomSePush, iliyotengenezwa na vijana wawili wa Afrika Kusini. Unaandika jina la mtaa, kwa mfano Bertrams, na dakika 55 kabla ya umeme kukatika simu inakupigia kelele. Dakika 55 zinatosha kupika ugali, kuchaji taa na kumwogesha mtoto. Ratiba zilikuwapo kabla yao, kwenye majedwali marefu ya namba za maeneo. Wao walijibu swali pekee alilokuwa nalo mama wa nyumbani: kwangu, lini?

Ya kufanya nyumbani

Kabla hujamwekea mzazi programu kwenye simu, yapitie haya:

1. Jaribu kukosea. Andika namba isiyo sahihi, bonyeza pasipotakiwa. Je, inakueleza kosa kwa maneno? Unaweza kurudi? Kama wewe mwenye diploma umekwama, usimpe mama.

2. Igeuze iwe ya Kiswahili, kisha soma saa zote. Ukiona "saa 8 usiku" kwa maana ya 20:00, irudishe kwenye mtindo wa saa 24 na umwandikie mama karatasi ya kubandika ukutani.

3. Ijaribu kwenye simu kama yake, na mtandao kama wake, herufi zikiwa zimekuzwa. Programu nyingi huvurugika herufi zikikuzwa.

4. Tafuta namba ya binadamu. Huduma ya pesa au ya afya isiyo na mtu wa kumpigia, achana nayo.

5. Kaa ubavuni, kidole kiwe chake. Ukimfanyia kila kitu, siku utakayokuwa zamu ya usiku atakwama. Na namba yake ya siri aibonyeze mwenyewe, wewe ukitazama pembeni. Hiyo ni adabu na ni usalama pia.

6. Akikwama, badilisha neno. Usiseme "umekosea wapi?" Sema "imetuzuia wapi?" Utashangaa jinsi mzee anavyonyooka mgongo.

Kwa wanafunzi nina ombi. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu 5 tu wakitumia kitu chako, utaziona kasoro zake nyingi. Watu 5 wanaozungumza Kiswahili huhitaji kuwatafuta kwa ruzuku. Katika jengo letu unawapata ngazini kabla hujafika ghorofa ya pili. Kaa nao, nyamaza, tazama vidole vyao. Andika wanapositasita. Kisha waandikie wenye programu barua, kwa Kiingereza kizuri ulichokwenda kukisomea, uwaeleze saa nane usiku ni saa ngapi kwa watu zaidi ya milioni mia moja wa Afrika Mashariki na Kati.

Mimi nimeshaandika barua tatu. Moja ilijibiwa, na maelezo ya saa kwenye programu hiyo ya dawa yamebadilishwa. Shangazi mmoja wa ghorofa ya nne anaitumia sasa. Dawa yake ya presha anaimeza saa mbili usiku, ile ya kwetu, na anaibonyeza mwenyewe.